Mashine ilipanga, mama akapangua
Karatasi za marehemu, akili mnemba na haki za watu

Na Mwandishi Wetu

MAREHEMU baba yetu, Allah amrehemu, hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alipofariki alituachia sanduku la bati na mikoba miwili iliyojaa nyaraka za zaidi ya miaka arobaini: stakabadhi za maji na umeme, kadi za kliniki za watoto ambao leo ni wazazi, mikataba ya wapangaji, barua za ofa za viwanja, vyeti, barua za jamaa na marafiki, na chini kabisa, zikiwa zimefungwa kwa kamba ya katani, karatasi za babu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Kila aliyewahi kusimamia mirathi anafahamu kwamba kazi ya kwanza si kugawa. Kazi ya kwanza ni kujua kilichopo, na katika kilichopo, kipi ni cha marehemu na kipi ni cha watu. Gharama za maziko hutangulia, yakafuata madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo wafikiwe warithi. Tatizo ni kwamba madeni na amana havijitangazi. Mara nyingi vimelala ndani ya mstari mmoja wa karatasi ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka ishirini.

“Mjomba,” aliniambia mpwa wangu, ambaye anasomea kompyuta chuoni, “mkisema msome moja moja, eda ya bibi itakwisha nanyi bado mko kwenye sanduku. Nipeni siku tatu.”

Alichopendekeza ni kutumia akili mnemba, yaani zile programu ambazo wataalamu huziita modeli kubwa za lugha, ili zisome kila karatasi na kuitia katika kundi lake. Shangazi yetu, dada wa marehemu, hakuafiki kwa urahisi. “Karatasi za kaka yangu,” alisema, “haziendi kutembezwa duniani.” Kijana akamwelewesha kwamba zipo modeli zinazoweza kupakuliwa na kufanya kazi ndani ya kompyuta ya mtu bila intaneti, hivyo hakuna waraka utakaotoka nyumbani. Shangazi akaridhika, na kazi ikaanza.

Makundi saba

Mpwa wangu alipiga picha karatasi moja baada ya nyingine kwa simu, akazihamishia kwenye kompyuta, kisha akaiandikia mashine maagizo kwa Kiswahili cha kawaida. Aliitajia makundi saba: ardhi na nyumba, fedha na stakabadhi, afya, elimu, vyeti, barua za salamu, na mengineyo. Kila karatasi iingie katika kundi moja tu.

Mashine ilifanya kazi usiku kucha. Asubuhi tulikuta majalada saba yamepangwa, kila moja na orodha yake. Tulipochungulia jalada la ardhi tukaona ofa zote ziko mahali pake. Katika afya, kadi za kliniki hazikuchanganyika na vyeti vya kuzaliwa. Hata shangazi alikiri kwamba kijana amefanya kazi ya watu wanne. Karatasi za babu tu ndizo zilizoishinda mashine. Ilizirundika zote katika mengineyo, nasi tukaziweka kando zimsubiri mzee wa mtaani anayezisoma.

Mama alikuwa ndani ya eda, na jioni zilikuwa ndefu. Akaomba asomewe lile jalada la barua za salamu. Hakuwa akitafuta kitu. Alitaka tu kusikia tena majina ya watu waliokuwa wakimwandikia mumewe. Jioni ya tatu dada yangu akasoma barua ya rafiki wa baba aliyekuwa akiishi Tanga, ambaye naye alikwishatangulia mbele ya haki. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nusu ya kwanza ni salamu, kuuliziana hali, mvua na bei ya machungwa. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja inayosema kwamba kile kiwanja walichozungumza kibaki kwa jina la baba mpaka watoto wakue, na kwamba mwandishi hana shaka yoyote. Kisha salamu tena.

Mama aliinua mkono. “Rudia hapo,” alisema. Dada akarudia. “Hiyo si barua ya salamu.”

Ofa ya kiwanja hicho ilikuwa katika jalada la ardhi, imeandikwa jina la baba waziwazi, nasi tulikwishakiingiza katika orodha ya mali ya kurithiwa. Siku chache mbele tungekaa kugawa. Tungegawana mali ya mayatima kwa nia njema kabisa, tukiwa na karatasi mkononi.

Anayetaja makundi ndiye anayeamua

Mpwa wangu aliingiwa na haya, lakini alisema neno ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu siku ile: “Mashine haikukosea, mjomba. Nimeiuliza hii ni karatasi ya namna gani, ikajibu ni barua. Sikuiuliza ndani yake mna haki ya nani.”

Ndugu msomaji, jambo hili ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 377 Hijria, sawa na miaka ya 987 na 988 Miladia, Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliandika kitabu chake Al-Fihrist, orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua. Alikigawa katika milango kumi, akaanza na lugha, maandishi na vitabu vitukufu, akamalizia na elimu ya alkemia. Mpangilio huo unatuambia mengi kuhusu zama zake: lipi lilitangulia, na lipi liliwekwa nyuma.

Karne tisa baadaye, mwaka 1876, Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wa kupanga maktaba kwa namba ambao hadi leo unatumika katika maktaba nyingi duniani. Namba za 200 ni za dini. Humo, kuanzia 220 hadi 289 zilitengwa kwa Biblia na Ukristo, na Uislamu ukapewa namba moja, 297. Dewey hakuwa akihesabu waumini wa dunia. Alipanga vitabu vilivyokuwa mbele yake, kwa macho ya mahali alipoishi. Mtunza maktaba wa Zanzibar au Mombasa anayefuata mpango huo leo bado anaubeba uamuzi wa mtu wa Marekani wa karne ya kumi na tisa.

Ndivyo ilivyo kwa kila mpango wa makundi, uwe wa mtu au wa mashine. Aliyetaja makundi ameamua mapema ni mambo gani yataonekana na yapi yatafichika. Mashine haiondoi uamuzi huo. Inautekeleza kwa kasi kubwa, juu ya karatasi nyingi, bila kusita.

Inasomaje?

Huenda msomaji akauliza: kwani mashine hii inaelewa inachosoma? Ni vyema kujua inavyofanya kazi, maana ndipo tutakapojua wapi tuiamini.

Njia ya awali ilikuwa ya kanuni. Mtu huandika: waraka ukiwa na neno “shilingi”, uweke katika fedha. Njia hiyo ni nyepesi lakini Kiswahili huishinda haraka. Neno “kata” linaweza kuwa eneo la utawala, amri ya kukata, au sehemu ya “kata rufaa”. Kanuni inaona herufi tu.

Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, M. E. Maron, alichapisha jaribio la kuifanya kompyuta ikadirie kundi la waraka kwa kupima maneno yaliyomo: neno hili huonekana zaidi katika nyaraka za aina ipi? Njia za namna hiyo ndizo zilizokuja kutumika kuchuja barua taka katika baruapepe. Lakini zilihitaji mifano mingi iliyokwisha kupangwa na watu, na familia yenye sanduku moja haina mifano hiyo.

Modeli kubwa za lugha zimekuja kwa njia nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Google walieleza muundo unaoiwezesha kompyuta kulipima kila neno kwa kulilinganisha na maneno mengine yaliyo karibu na yaliyo mbali nalo. Juu ya muundo huo zikajengwa modeli zilizosomeshwa maandishi mengi mno, zikiwa na kazi moja: kukadiria kipande cha neno kinachofuata. Kwa kurudia kazi hiyo zimejifunza kwamba “kata” iliyo jirani na “diwani” si ile iliyo jirani na “kisu”. Ukiipa modeli maagizo, ukaipa waraka, ukamalizia kwa kuuliza “kundi lake ni lipi?”, inaendeleza maandishi kwa jibu ambalo kwa makadirio yake ndilo linalostahili kufuata. Jibu hilo mara nyingi ni sahihi, lakini linabaki kuwa makadirio. Modeli inaweza kukosea kwa sauti ileile ya kujiamini inayoitumia inapopatia.

Kiswahili nacho kimepimwa. Mwaka 2020 ulitolewa mkusanyo wa habari za Kiswahili zilizopangwa katika makundi ya uchumi, kitaifa, michezo, kimataifa, burudani na afya. Mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika waliounganishwa na jumuiya ya Masakhane walitoa mkusanyo uitwao MasakhaNEWS, wenye habari za lugha 16 zinazozungumzwa Afrika, Kiswahili kikiwamo. Walipoitaka modeli ya ChatGPT ipange habari hizo bila kuonyeshwa mfano wowote, ilipata wastani wa alama 70 kati ya 100. Modeli nyingine zilizofundishwa kwa mifano kumi tu kwa kila kundi zilifika alama 86, na zilizofundishwa kwa mifano yote zikafika 92.6.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mifano michache iliyochaguliwa na mtu anayejua ina faida kubwa. La pili ni kwamba hata alama zaidi ya 90 zinaacha makosa. Tena katika habari za magazeti kosa si kubwa. Habari ya kupanda kwa nauli za Hija ni ya dini au ya biashara? Ikiwekwa kokote, hakuna aliyedhulumiwa. Karatasi za mirathi si hivyo.

Wavu na matundu yake

Wavuvi wetu wanalijua suala hili vizuri. Wavu wa matundu makubwa hupitisha dagaa, na wa matundu madogo hukokota hadi majani ya baharini. Huwezi kuvikwepa vyote viwili kwa pamoja. Lazima uchague hasara utakayoistahimili.

Kwa stakabadhi za umeme, tundu kubwa halina madhara. Kwa haki za watu, ni afadhali kuvuta majani mengi na kuyachambua kwa mkono kuliko kupitisha samaki mmoja. Tuliyaandika upya maagizo kwa msingi huo, mama na shangazi wakiwapo, maana wao ndio waliojua maneno ambayo watu wa rika la baba walitumia.

Kwanza, tuliondoa sharti la kundi moja. Barua inaweza kuwa barua na pia ushahidi wa ardhi. Pili, tukaongeza swali linalosimama peke yake kwa kila karatasi: je, humu mnatajwa mali, deni, rehani, amana, ahadi, au kitu kinachoshikwa kwa niaba ya mwingine, hata kwa fumbo? Tatu, tukaitaka mashine inakili ile sentensi iliyoifanya ijibu ndiyo, ili mtu aweze kuihakikisha bila kusoma waraka wote. Nne, tukairuhusu kusema “sina hakika”, na kundi hilo tukalifanya letu la kusoma wenyewe. Tano, tukaipa mifano, na wa kwanza ulikuwa ile barua ya Tanga.

Kabla ya kuiachia mashine kazi yote, dada yangu na mimi tulichukua karatasi hamsini, kila mmoja akazipanga peke yake, kisha tukalinganisha. Tulishangaa kukuta tumetofautiana mahali kadhaa. Yeye aliona daftari la michango ya harusi ni kumbukumbu, mimi niliona ni orodha ya watu tunaowiwa fadhila. Ikiwa ndugu wawili wa tumbo moja hawakubaliani maana ya kundi, mashine itajulia wapi? Tulirekebisha maelezo ya makundi mpaka tukakubaliana, ndipo tukazitumia hamsini zilezile kumpima yule msaidizi wetu.

Kilichopatikana

Mara ya pili mashine ilituletea rundo kubwa la karatasi za kuchunguzwa, na nyingi kati yake hazikuwa na lolote. Lakini ilituletea pia ukurasa wa daftari unaoonyesha kwamba baba alibakiza fedha kwa fundi seremala aliyetengeneza milango, na mkataba wa mpangaji wenye kodi ya miezi iliyolipwa mbele. Fundi yupo, tukamtafuta, akalipwa.

Kuhusu kile kiwanja, barua peke yake ilisema “kiwanja tulichozungumza” bila kutaja kipi. Uthibitisho tuliupata kwenye stakabadhi ya malipo iliyokuwa katika jalada la fedha. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, baba alikuwa ameandika kwamba fedha hizo ni za rafiki yake, akataja jina na tarehe. Mashine haikuwahi kuuona mgongo wa stakabadhi hiyo kwa sababu mpwa wangu alipiga picha upande mmoja tu. Hapo mwenye kosa alikuwa kijana wetu, nasi wakubwa tuliokuwa tukipita na kusifu kasi.

Watoto wa yule rafiki sasa ni watu wazima. Tulipowapigia simu hawakuwa wakijua kwamba wana kiwanja. Walikuja wawili, tukawaonyesha barua ya baba yao, tukaandikiana mbele ya mashahidi, na utaratibu wa kubadilisha jina ukaanza. Mkubwa wao aliomba jambo moja tu, apewe ile barua. Tulibaki na picha yake.

Nilimuuliza mama ilikuwaje akaing'amua kwa kuisikia mara moja. Akasema mashine ilikuwa imesoma barua, lakini yeye alimjua aliyeiandika. Alikumbuka mwaka ambao mtu yule aliuguliwa na mkewe, na jinsi alivyoanza kuhofia watoto wake watabaki na nani.

Kwa familia na taasisi zetu

Si familia tu zinazohusika. Misikiti ina majalada ya wakfu, madrasa zina kumbukumbu za wanafunzi, zahanati zina mafaili ya wagonjwa, vikundi vya kuweka na kukopa vina madaftari. Kwa wingi wake, siku si nyingi mtu atakuja na kompyuta na kusema, “nipeni siku tatu.” Msimfukuze, kwani msaada wake ni wa kweli. Lakini muulizeni haya kwanza.

Nyaraka zinakwenda wapi? Modeli zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yenu huwa ndogo na mara nyingine hafifu zaidi kwa Kiswahili, lakini siri hubaki ndani. Zile kubwa za mtandaoni hupokea waraka wenu katika kompyuta za watu wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taasisi inayoshika taarifa za watu isidhani kwamba kuzitia katika programu ya bure ni jambo lisilo na dhima.

Nani ametaja makundi? Wakae wenye kujua kazi hiyo, wakiwamo wazee na kina mama, wala asiachiwe fundi peke yake.

Kosa gani ni ghali zaidi? Kwa jambo ambalo kosa lake linaondoa haki ya mtu, kila jibu la mashine lipitiwe na binadamu, na hata katika yale iliyosema hayana kitu, chukueni baadhi bila kuchagua muyasome. Barua ya Tanga ilikuwa huko.

Karatasi zimepigwa picha pande zote mbili? Na zile asili ziko wapi? Zisitupwe kwa kuwa tu zimo kwenye kompyuta.

Mwisho, yale maandishi ya hati ya Kiarabu. Modeli nyingi husoma Kiarabu kilichopigwa chapa, lakini Kiswahili cha mkono wa babu, wino umefifia na nukta zimeachwa, ni jambo jingine. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeweza kuyasoma, mkalisheni wiki hii, mmoja asikilize na mmoja aandike. Wetu tayari amefika karatasi ya nne. Ya tatu ilikuwa ni deni.